Saratani ya Kibofu Ikiwa Changa: Kuchagua Tiba, na Hukumu za Tohara na Funga



Katika visiwa vyetu, mtu akikojoa damu jambo la mwanzo linalofikiriwa ni kichocho. Dhana hiyo ina msingi, kwani Unguja na Pemba zimepambana na maradhi hayo kwa miaka mingi. Lakini kichocho kilichokaa muda mrefu bila ya tiba huweza kuzaa saratani ya kibofu, na sigara nayo ni sababu kubwa. Aliyekwisha meza dawa ya kichocho na damu bado ikaonekana, hata bila ya maumivu, arudi hospitali. Tunaandika haya ili familia ijue la kumuuliza daktari, na isiikimbie tiba kwa kukhofia sala.

Kwanza: ijulikane imefika wapi

Daktari hupitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo, hukwangua uvimbe na kuupeleka maabara. Majibu yaeleze mambo matatu: ni aina gani, ina ukali gani, na imeingia kwenye msuli wa kibofu au bado. Tunayoiita changa hapa ni ile isiyofika kwenye msuli. Kabla ya majibu hayo, hakuna wa kukata shauri.

Pili: njia zilizopo

1. Kukwangua na kufuatilia. Uvimbe mdogo usio mkali mara nyingi hutosheka na hili, pengine pamoja na dawa ya kuua seli za saratani inayotiwa kibofuni. Kwa kuwa maradhi haya hupenda kurejea, kamera hurudiwa baada ya miezi 3, kisha kwa ratiba. Asiyerudi kuangaliwa hajamaliza tiba.

2. BCG. Ni bakteria hai waliodhoofishwa, wale wale wa chanjo ya kifua kikuu wanayochanjwa watoto. Hutiwa kibofuni kwa mpira wa mkojo mara moja kwa wiki, kwa wiki 6, na huweza kuendelezwa kwa mwaka 1 hadi 3. Huleta kuungua wakati wa kukojoa na pengine homa, lakini kibofu hubakia.

3. Kutoa kibofu. Hushauriwa kwa saratani kali sana au iliyoshinda BCG. Ni operesheni kubwa; mara nyingi mkojo hutokea kwenye tundu la tumboni na kuingia mfukoni, na nguvu za kiume huweza kuathirika. Saratani ya seli bapa, inayofungamana zaidi na kichocho, haitegemewi kutibika kwa BCG, na madaktari huelekea kwenye operesheni mapema. Kwa hiyo usipime tiba ya mgonjwa wako kwa ya jirani.

Tatu: hukumu

Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Jeddah mwaka 1992, iliamua kuwa kujitibu ni wajibu ikiwa kuacha kutapelekea kupotea nafsi au kiungo, na kuwa idhini ya mgonjwa mwenye akili timamu ni lazima. Basi mume, kaka au mtoto mkubwa hushauri. Hawamfichi mgonjwa maradhi yake wala hawamuamulii. Zikiwepo njia mbili zinazokubalika kitabibu, chaguo ni lake, baada ya kushauriana na kuswali istikhara.

Mwenye mfuko wa mkojo ni mwenye udhuru, kama asiyeweza kuzuia mkojo. Wakati ukiingia humwaga mfuko, hujisafisha, hutawadha na kuswali bila ya kuchelewa, na hutawadha upya kwa kila faradhi. Sala yake ni sahihi.

Ama funga, katika madhehebu yetu ya Shafii dawa inayoingizwa kupitia njia ya mkojo hubatilisha saumu. Majmaa, mwaka 1997, iliona haibatilishi. Kwa kutoka kwenye khilafu, aombe kutiwa dawa usiku ikiwezekana, au alipe siku hiyo. Mgonjwa ana ruhusa. Asiahirishe dozi kwa kungojea Ramadhani imalizike.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu. Wallahu aalam.