Damu na Sindano

Msomaji, ukitoka katikati ya mji wa Nairobi kwa kufuata Barabara ya Landhies, utafika Muthurwa, mtaa uliojengwa na shirika la reli zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wake Waafrika. Mkazi wa humo alipata mshahara kwa reli, na chumba pia kwa reli. Siku ya kufukuzwa kazi ndiyo iliyokuwa siku ya kupoteza makao. Jitie katika nafasi yake, kisha ujiulize: kama angalikuja mtu wa serikali na chupa yake, akataka damu yako akaitazame kwa hadubini, je, ungalimnyoshea mkono kwa moyo mweupe?

Swali hili si la mzaha. Katika miaka ya 1920 na 1930 ulienea Nairobi uvumi kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kuwatoa damu. Uvumi wa namna hiyo ulijulikana pwani kwa jina la mumiani. Mwanahistoria Luise White, aliyesimuliwa habari hizo na wazee wa Nairobi, aliziandikia kitabu kilichotoka mwaka wa 2000. Wazimamoto hawakunyonya damu ya mtu. Walakini tusiwacheke wazee wetu. Mtu akitolewa damu asiambiwe sababu, wala asirudishiwe habari ya kilichoonekana ndani yake, atajitafutia maelezo mwenyewe, na aghalabu maelezo ya hofu ndiyo hutangulia.

Sasa tazama upande wa pili. Katika miaka hiyohiyo ya 1920, madaktari wa serikali nchini Kenya walitibu buba kwa sindano za dawa zenye madini ya bismathi au aseniki. Vidonda vilivyomtesa mtu kwa muda mrefu vilikauka upesi mbele ya macho ya jirani zake. Basi watu wakamiminika kuidai sindano. Nayo ilichoma ngozi kama ile ya kutoa damu, na mshikaji wake alikuwa serikali ileile. Tofauti ni kwamba faida yake ilionekana na kila mwenye macho.

Hata hivyo, imani nayo yaweza kupita kiasi. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki walifikia kudhani kwamba dawa isiyodungwa si dawa, hali sindano isiyotakaswa huweza kumhamishia mtu maradhi ya mwenziwe. Wala kosa hili si la Waafrika peke yao. Wilhelm Conrad Röntgen alipovumbua eksirei mwaka wa 1895, wengi walishangilia wasijue madhara yake. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, aliichezea miale hiyo kwa mikono mitupu. Ikamwunguza, akafa mwaka wa 1904.

Tena, usidhani kuwa wenye shaka ni wagonjwa tu. Kipimo cha haraka cha malaria hutumia tone moja la damu na hujibu kwa muda wa dakika chache. Lakini utafiti uliofanywa kaskazini-mashariki mwa Tanzania, ukachapishwa mwaka wa 2007, ulionyesha kwamba matabibu waliendelea kuwapa dawa ya malaria wagonjwa wengi ambao kipimo kilisema hawana malaria. Kwa miaka mingi walikuwa wamezoea kuihesabu kila homa kuwa malaria. Na ni nani apendaye kumrudisha mgonjwa nyumbani bila dawa, asije akafa? Hata mtaalamu huhitaji kuona mara nyingi kwamba chombo kimesema kweli, ndipo akitegemee.

Kutokana na habari hizi twajifunza kwamba chombo hakijiletei imani chenyewe. Huaminiwa kwa matokeo yanayoonekana, kwa maelezo yanayoeleweka, na kwa mwenendo wa yule anayekishika. Basi, mwanafunzi, ukiwa mgonjwa, usione haya kuuliza damu yako yaenda wapi na yatafutwa nini ndani yake. Na ukijaliwa kuwa tabibu, ulizwapo swali hilo usikasirike. Mkumbuke mtu wa Muthurwa aliyeogopa gari la wazimamoto, umjibu mgonjwa wako kama ambavyo mtu yule angalipaswa kujibiwa.