Maradhi ya kurithi yanayoangamiza figo za mbwa

MTOTO wa mbwa huzaliwa akiwa buheri wa afya, akanyonya, akacheza na wenzake na kunenepa kama kawaida. Kisha, kabla hajatimiza umri wa miaka miwili, huanza kukonda, kunywa maji kupita kiasi na kutapika. Mwenye mbwa hudhani ni minyoo au sumu, kumbe figo ndizo zinazokufa.

Hivyo ndivyo yanavyojitokeza maradhi ya nadra yatokanayo na kasoro ya kolajeni. Madaktari wa mifugo huyaita nefritisi ya kurithi, na miongoni mwa mbwa walioathiriwa ni aina ya English Cocker Spaniel na Samoyed.

Kolajeni ni protini inayoimarisha ngozi, mifupa na kano. Katika figo, kolajeni aina ya 4 hujenga utando mwembamba wa kuchuja damu. Utando huo huruhusu maji na taka kupita na kuwa mkojo, huku ukizuia protini na chembe za damu zisipotee.

Utando wa figo iliyokomaa hujengwa kwa nyuzi tatu tofauti za kolajeni, zilizosokotwa pamoja mithili ya kamba. Jeni ya uzi mmoja ikiwa na hitilafu, kamba nzima haisokoteki. Mwanzoni mtoto wa mbwa hutegemea utando wa uchanga, uliojengwa kwa nyuzi nyingine, na ndiyo sababu huonekana mzima. Hata hivyo, utando huo haustahimili kazi kwa muda mrefu. Hatimaye huwa mnene, huchanika matabaka, na protini huanza kuvuja kwenye mkojo.

Miongoni mwa Samoyed, hitilafu imo katika kromosomu ya X. Dume ana kromosomu moja tu ya aina hiyo, hivyo hana akiba, na aghalabu hufa kabla ya kutimiza miezi 15. Majike wengi huathirika kwa kiasi kidogo.

Kwa upande wa English Cocker Spaniel, mbwa huugua anaporithi nakala mbovu ya jeni ya COL4A4 kutoka kwa baba na mama. Figo zake hushindwa kufanya kazi akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 24.

Mbwa mwenye nakala moja mbovu haugui, lakini huirithisha. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuugua na asilimia 50 wa kuwa mbebaji. Kwa hivyo dume mwenye umbo la kupendeza, anayetumiwa kuzalisha mara nyingi, anaweza kueneza maradhi pasipo mfugaji kushuku lolote.

Binadamu pia hupatwa na maradhi ya jinsi hii. Mnamo 1927, daktari Cecil Alport, mzaliwa wa Afrika Kusini, alieleza habari za ukoo mmoja nchini Uingereza uliokuwa na ugonjwa wa figo pamoja na uziwi. Maradhi hayo sasa huitwa kwa jina lake. Utafiti uliofanyiwa mbwa wa Samoyed ulionyesha kuwa enalapril, dawa ya kuteremsha shinikizo la damu, inaweza kuchelewesha figo kushindwa.

Dawa hiyo, pamoja na lishe maalumu, humwongezea mbwa siku lakini haiponyi. Dalili ya mapema zaidi ni protini kwenye mkojo, ambayo daktari anaweza kuipima kabla mbwa hajadhoofika.

Kinga ya hakika ni kupima kabla ya kupandisha. Hitilafu ya English Cocker Spaniel ilitambuliwa mwaka wa 2007, na sasa mate au damu kidogo hutosha kumbaini mbebaji. Si lazima mbwa huyo atupwe. Akipandishwa na mwenzake asiye na kasoro, baadhi ya watoto watakuwa wabebaji, lakini hakuna hata mmoja atakayeugua.