Bosi Anakulipa Saa Nane, Si Maisha Yako

Juzi rafiki yangu aliitwa ofisini na bosi wake. Hakuwa amechelewa, wala hakuwa ameharibu kazi. Kosa lilikuwa picha ya Jumamosi usiku, ameshika chupa ya bia. Akaambiwa aifute ama aandike barua ya kujieleza. Nilipowasimulia washkaji, wengi walisema, "Si afute tu? Anayemlipa ndiye anaamua."

Hiyo hoja ni ya kitambo sana. Twende Detroit, Marekani.

Januari 1914, Henry Ford alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku ya saa 8. Kabla ya hapo, mfanyakazi wa kawaida alikuwa akipata kama dola 2.34 kwa saa 9. Haikuwa sadaka. Kazi ya kiwandani ilichosha na watu walikuwa wanaacha kila siku. Mwaka 1913 kampuni iliajiri zaidi ya watu 50,000 ili tu kubaki na kama 14,000.

Sasa sikia masharti. Karibu nusu ya hizo dola 5 haikuwa mshahara. Iliitwa mgao wa faida, na ili uupate ilibidi uishi vile kampuni inataka. Ford aliunda idara nzima ya kuchunguza maisha ya wafanyakazi. Wakaguzi walikuja hadi nyumbani: Umeoa kweli? Unakunywa pombe? Una akiba benki? Nyumba ni safi? Umeweka wapangaji? Hata majirani walihojiwa. Ukionekana hufai, unarudi kwa malipo ya zamani, na usipojirekebisha kwa miezi kadhaa, unafutwa.

Kumbuka, Detroit ya 1914 pombe ilikuwa halali. Kukodisha chumba pia kulikuwa halali, na kwa wahamiaji wengi ndiyo ilikuwa njia ya kupunguza mzigo wa kodi. Hakuna sheria iliyovunjwa. Kilichovunjwa ni mapenzi ya bosi.

Sitadanganya kwamba hakuna aliyefaidika. Hizo pesa zilibadilisha maisha ya familia nyingi. Lakini angalia ule udhibiti ulivyotambaa: ulianza na chupa, ukaingia kwa kitabu cha benki, ukafika chumbani. Na ungekataaje, wakati chakula cha watoto kimefungwa kwa jibu lako?

Mwishowe hata Ford mwenyewe aligeuka. Katika kitabu chake cha mwaka 1922 aliandika kwamba kuchungulia mambo ya kibinafsi ya wafanyakazi kumepitwa na wakati. Miaka 100 baadaye, wakaguzi hawahitaji kubisha hodi. Wanafungua simu tu.

Sisi Wakenya tuna Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinacholinda faragha, pamoja na habari za familia na mambo yako ya kibinafsi zisitakwe bila sababu. Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: mtu akija kazini amelewa, hiyo ni kesi ya kazi, mwadhibuni. Akitukana wateja akiwa na sare ya kampuni, pia sawa. Lakini bia moja ya Jumamosi, kwa pesa yake na wakati wake? Hapana.

Leo ni bia. Kesho atauliza unalala na nani. Ford aliuliza.