Cherehani inayolalamika huomba mafuta: Jinsi ya kuitunza nyumbani

KATIKA nyumba nyingi nchini Kenya, cherehani ni mali ya kurithishana. Mama humwachia binti, fundi humwachia mwanagenzi wake, na aghalabu kichwa kile cheusi cha chuma huwa na umri mkubwa kuliko yule anayeketi kuikanyaga.

Hata hivyo, si ajabu kuona mashine kama hiyo ikiuzwa kwa bei ya vyuma vikuukuu kwa madai kwamba imekufa, ilhali ugonjwa wake ni mafuta yaliyokauka na vumbi lililogandamana. Anayeiuza hupoteza chombo ambacho kingemsaidia kulipa karo. Anayeinunua huifungua, akaisafisha, akaitia mafuta, na huenda akaanza kushona jioni iyo hiyo.

Hasara hiyo huuma zaidi Disemba na Januari, wazazi wanapomiminika kwa mafundi kutafuta sare za shule. Cherehani ikikwama wakati huo, mteja hangoji. Huvuka barabara akaenda kibanda cha pili.

Mashine nyingi za kukanyaga zinazopatikana nchini hufuata muundo wa Singer nambari 15. Zile zilizoundwa katika kiwanda cha Kilbowie mjini Clydebank, Scotland, kilichofunguliwa mwaka wa 1885 na kufungwa mwaka wa 1980, hutambulika kwa herufi K inayofuata nambari ya muundo, yaani 15K. Mashine za Butterfly kutoka Shanghai, China, zilifuata muundo huo huo, na ndiyo sababu maelezo ya utunzaji wa moja hufaa nyingine.

Kila mshono mmoja, mti unaobeba sindano hushuka na kupanda, ndoana ya chini huzunguka nusu mzunguko na kurudi ili kunasa uzi, na meno husukuma kitambaa. Hayo hutendeka mamia ya mara kwa dakika, chuma kikisuguana na chuma. Mafuta ndiyo utando mwembamba unaotenganisha vyuma hivyo. Utando huo ukikauka, mashine huanza kulia, kisha huwa nzito mguuni, na hatimaye vyuma hulika. Chuma kilicholika hakiponi kwa mafuta. Huacha mwanya, na mwanya huo ndio huifanya mashine kuruka mishono.

Kosa la kwanza la wengi ni kutumia mafuta yoyote yaliyo karibu. Mafuta ya cherehani ni mafuta ya madini, mepesi, na yasiyo na rangi, mfano wa maji. Mafuta ya kupikia hulainisha kwa siku chache, kisha hukauka na kuwa kama gundi ya manjano ambayo hata bisibisi huikwangua kwa shida. Mafuta ya nazi nayo huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na katika maeneo kama Limuru hilo ni jambo la kila asubuhi. Mafuta ya injini ya gari ni mazito, hunasa vumbi na huchafua vitambaa. Ile dawa ya kupuliza ya kulegeza bolti zenye kutu si badala ya mafuta. Hulegeza kweli, lakini baada ya muda huacha chuma kikiwa kikavu.

Kabla ya kutia mafuta, sharti mashine isafishwe. Nyuzinyuzi za pamba hufyonza mafuta kama utambi wa taa, na mafuta yaliyofyonzwa hayafiki panapohitajika. Ikiwa ni ya umeme, waya uchomolewe kwanza ukutani. Sindano ipandishwe hadi juu kabisa na kuondolewa, pamoja na mguu unaokandamiza kitambaa. Kisha bamba la chini ya sindano lifunguliwe kwa bisibisi.

Hapo ndipo wengi hushangaa. Katikati ya meno huwa pamejaa nyuzi zilizoshikamana zikawa kama kipande cha blanketi, kiasi kwamba meno hayawezi kupanda na kushuka ipasavyo. Kitambaa kinachokataa kwenda aghalabu huzuiwa na uchafu huo. Uondolewe kwa brashi ndogo na ncha ya kijiti. Kupuliza kwa mdomo hakufai, kwa sababu pumzi ina unyevu na huusukuma uchafu ndani zaidi.

Nyumba ya bobini itolewe, na ndoana iliyo nyuma yake pia, kisha njia ambamo ndoana hupita ipanguswe kwa kitambaa safi. Mara nyingi hupatikana kipande cha uzi kilichojizungusha hapo. Kipande hicho kimoja chaweza kuikwamisha mashine nzima, na mwenyewe akadhani imevunjika.

Sasa ni zamu ya mafuta, na kanuni ni tone moja kila mahali. Tone moja kwenye njia ya ndoana ndilo la lazima kuliko yote, maana ndipo pana msuguano mkubwa zaidi. Baada ya hapo, tone moja katika kila tundu lililotobolewa juu ya kichwa na karibu na gurudumu la mkono. Bamba la upande wa kushoto likifunguliwa, mti wa sindano, ule wa mguu na mkono unaovuta uzi hupata chake. Kisha kichwa kilazwe nyuma kwenye bawaba zake, na kila kiungo kinachocheza huko chini kipewe tone. Gurudumu la mkono lizungushwe polepole, na jicho litazame: pale chuma kinapozunguka au kuteleza juu ya kingine, ndipo pa kutia mafuta.

Wengi husahau sehemu ya chini ya meza. Ekseli ya gurudumu kubwa, ncha mbili za chuma kirefu kinacholiunganisha na kanyagio, na pini za kanyagio lenyewe zote huhitaji mafuta. Mshonaji anayelalamika kuumwa na goti jioni huenda anasukuma pini kavu. Mkanda wa ngozi, kwa upande mwingine, usiguswe na mafuta kamwe, la sivyo utateleza. Ukilegea, hukatwa kidogo na kuunganishwa upya. Ukikazwa kupita kiasi, hufanya kukanyaga kuwe kuzito.

Baada ya hapo, mashine iendeshwe dakika moja au mbili bila uzi, ipanguswe, kisha ishone kitambaa cha kutupa hadi alama za mafuta zitoweke. Kuruka hatua hii kumeharibu gauni jeupe la arusi zaidi ya moja.

Anayeshona kutwa nzima atie mafuta kila siku. Anayeshona mara moja moja, kila baada ya wiki chache hutosha. Mashine iliyolala miaka mingi ikawa ngumu isilazimishwe. Tone la mafuta ya taa katika kila tundu, mbali na moto, huyeyusha gundi ya zamani. Iachwe kwa saa kadhaa, izungushwe kwa mkono, ipanguswe, kisha itiwe mafuta halisi mara moja, kwa kuwa mafuta ya taa hayalindi chuma.

Sindano nayo si ya kudumu. Iliyopinda au butu hukwaruza ndoana na kukata uzi. Wengi huibadilisha baada ya takriban saa 8 za kushona. Nambari 11 hufaa vitambaa vyepesi, 14 vya kawaida, na 16 jinzi. Inapofungwa, mfereji wake mrefu hukaa upande uzi unakoingilia.

Mashine mpya za umeme zenye sehemu za plastiki ni suala jingine. Baadhi zilitiwa mafuta kiwandani na hazina matundu. Kijitabu chake ndicho cha kufuatwa, na mota isimiminiwe mafuta.

Kwa wakazi wa Mombasa, Malindi na Lamu, adui mkubwa ni hewa ya chumvi. Huko mti wa sindano na bamba hupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila kazi inapokwisha, na mashine hufunikwa kwa nguo ya pamba. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu ndani.

Ikiwa baada ya usafi, mafuta na sindano mpya mashine bado inaruka mishono, huenda ndoana na sindano hazikutani kwa wakati ufaao. Kurekebisha hilo ni kazi ya fundi wa cherehani.