Mabepari Wengi, Mshtakiwa Mmoja

Mwaka 1977 nilimpa mwanafunzi wa kidato cha tatu alama 7 kati ya 20 kwa insha ambayo leo, nikiwa mzee wa miaka sabini na ushei, ningeipa 18. Insha hiyo ilihusu tamthilia ya Mabepari wa Venisi. Kabla sijaungama kosa langu, ndugu msomaji, yafaa nieleze mchezo huu ulitoka wapi na ulifikaje darasani kwetu.

William Shakespeare aliuandika katika miaka ya mwisho ya karne ya 16, na ukapigwa chapa kwa mara ya kwanza mwaka 1600. Michezo yake ilipokusanywa katika kitabu kimoja mwaka 1623, miaka 7 baada ya kufa kwake, huu uliwekwa katika kundi la komedi. Kwa watu wa zama zile komedi haikuwa vichekesho vitupu. Ilikuwa hadithi inayopita katika mashaka na kuishia katika furaha, aghalabu furaha ya ndoa. Katika mchezo huu ndoa ni tatu.

Bassanio anataka kumposa Portia, binti tajiri, lakini mfuko wake ni mtupu. Rafiki yake Antonio, mfanyabiashara ambaye merikebu zake zote ziko baharini, anakopa dukati 3,000 kwa ajili yake kutoka kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji. Shylock hadai riba. Anadai kwamba deni lisipolipwa kwa wakati atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Zinafika habari kwamba merikebu zimepotea, na kesi inakwenda mahakamani. Portia, aliyevaa mavazi ya mwanasheria mwanamume, anamwambia Shylock aichukue nyama yake, ila asimwage hata tone moja la damu. Shylock anashindwa. Nusu ya mali yake inatiwa mikononi mwa Antonio, naye mwenyewe analazimishwa kuwa Mkristo. Wengine wanarudi nyumbani kwa Portia kufurahi.

Mchezo huu ulitolewa kwa Kiswahili mwaka 1969. Mfasiri wake alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa nchi, aliyekuwa amekwisha kututolea Julius Caesar mwaka 1963. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Mwalimu aliandika "mabepari", kwa wingi. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa miaka miwili tu kabla, mwaka 1967, na neno bepari lilikuwa vinywani mwa wakubwa na wadogo.

Basi nami nikaufundisha kama Azimio lenye nguo za jukwaani. Nilikuwa mwalimu kijana, mwaka wangu wa pili kazini. Tulisoma kwa sauti, kila mmoja na sehemu yake, na tulipofika mahakamani baadhi ya wavulana walipanda juu ya madawati. Shylock alipoanguka darasa lilipiga makofi. Ndipo kijana mmoja akaita jina la msichana aliyekaa karibu na dirisha, akasema, "Mpeni pole, huyo ni babu yake!"

Baba wa msichana huyo, mwenye asili ya Kiarabu, alikuwa na duka kijijini. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, iliyofunga maduka ya watu binafsi vijijini ili mahali pake pashikwe na maduka ya ushirika, na duka lake lilikuwa mojawapo. Darasa zima lilicheka. Mimi nilitabasamu. Nilidhani mchezo umeeleweka.

Swali nililowapa lilikuwa hili: "Eleza jinsi ubepari ulivyoshindwa katika tamthilia hii." Msichana yule aliandika kurasa mbili. Alisema ubepari haukushindwa mahali popote. Merikebu tatu za Antonio zilirudi salama, na Portia alibaki na utajiri wake wa kurithi. Alionyesha pia kwamba Shylock mwenyewe anawakumbusha wakubwa wa Venisi, mbele ya mahakama, kwamba majumbani mwao wana watumwa waliowanunua, na hakuna anayemjibu. Kisha akamaliza hivi: "Kitabu kinasema mabepari, nao ni wengi. Aliyehukumiwa ni mmoja."

Niliandika kwa wino mwekundu: "Umetoka nje ya swali." Alipoipokea karatasi aliikunja mara nne, akaitia ndani ya daftari, wala hakuuliza neno. Alimaliza kidato cha nne akaenda zake. Sikumwona tena.

Miaka kadhaa baadaye nilihamishiwa chuo cha ualimu, kazi yangu ikawa kuwafundisha walimu watarajiwa namna ya kufundisha fasihi. Anayewafundisha walimu hana budi kusoma zaidi ya kitabu cha kiada. Nilisoma historia ya mchezo ule, na kila nilipogeuza ukurasa niliikumbuka karatasi ile iliyokunjwa mara nne.

Nilisoma kwamba Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290. Watazamaji wa kwanza wa Shakespeare, miaka mia tatu baadaye, wengi wao walimcheka mtu ambaye hawakupata kumjua kwa jirani, bali kwa masimulizi. Nilisoma kwamba huko Venisi tangu mwaka 1516 Wayahudi walitengewa mtaa wao, Ghetto, wenye malango yaliyofungwa usiku. Walizuiwa kazi nyingi, wakaruhusiwa kukopesha, kisha wakachukiwa kwa kukopesha. Tena riba haikuwa yao peke yao. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1571 ilivumilia riba isiyozidi asilimia 10, na mwaka mmoja kabla ya hapo baba mzazi wa Shakespeare, mkazi wa Stratford, alikuwa ameshtakiwa kwa kutoza riba. Wakopeshaji walikuwa wengi. Aliyepandishwa jukwaani ni mmoja. Na mwaka 1943, Wayahudi walipokuwa wakiuawa kwa mamilioni, mchezo huu ulionyeshwa Vienna, chini ya utawala wa Hitler, Shylock akifanywa kinyago cha kuchukiza.

Msichana wa kidato cha tatu hakuyasoma hayo. Alisoma kitabu tu, akaona kilichomo, kwa kuwa alikuwa amekaa upande ambao kicheko kilikuwa kinaelekezwa.

Tangu hapo nilibadili mwenendo, na wanachuo wangu niliwafundisha mambo matatu. La kwanza, vijana wasome komedi kwa sauti kabla ya kuambiwa maana yake, nao waweke alama ya penseli kila mahali walipocheka. Wasizuiwe kucheka, komedi isiyochekwa haijasomwa. La pili, warudi kwenye kila alama na kuuliza: katika wahusika walioko jukwaani sasa hivi, nani hacheki? Wachague mmoja, waandike aya moja tu, na kila wanalosema walionyeshe katika maneno ya kitabu. La tatu, ambalo ndilo gumu, mwalimu asitunge swali lenye jibu ndani yake. Swali langu la mwaka 1977 lilikuwa limekwisha kujijibu. Lililobaki ni wanafunzi kuninakilia.

Simaanishi kwamba kijana afundishwe kumwona Shylock malaika. Mtu yule alinoa kisu chake mbele ya mahakama, akakataa kulipwa mara mbili ya deni, na hilo nalo limo kitabuni. Kijana anayeandika vizuri hulishika hili na lile kwa mikono miwili, wala haachi moja lianguke ili lingine lionekane zuri. Nimewaona vijana wa miaka 16 wakiliweza hilo kuliko sisi walimu wao, mradi wasiogope wino mwekundu.

Nilimaliza utumishi nikiwa mkuu wa shule, nikastaafu mwaka 2010. Nimesahihisha insha nisizoweza kuzihesabu, na nyingi zimenitoka akilini. Ile naikumbuka hadi mwandiko wake. Laiti ningerudishiwa leo, nisingeanza na alama. Ningemwandikia pembeni kwamba merikebu za Antonio nilikuwa sijaziona, na watumwa wale nilikuwa nimewapita bila kusimama. Na siku iliyofuata ningemwomba aisome insha yake mbele ya darasa, akikubali, nami niketi kwenye dawati pamoja na wale waliocheka.