Bandari ya Dar es Salaam na Mabega Yaliyoibeba

Bandari ni mlango wa nchi. Kwa mlango huo mazao ya mkulima hutoka, na kwa mlango huo huo wageni huingia. Dar es Salaam imekuwa mlango mkuu wa Tanzania kwa zaidi ya karne moja, na mengi yamesemwa juu ya meli zake, maghala yake na reli zake. Insha hii inakusudia kueleza jinsi bandari hiyo ilivyojifunga na kilimo na utalii, na kuonyesha kwamba historia yake haiishii ukingoni mwa maji. Sehemu yake kubwa imo Kariakoo na Magomeni, katika makazi ya watu walioibeba bandari kwa mabega yao.

Tuanze na maumbile. Mkono wa bahari umepenya nchi kavu kwa lango jembamba, kisha ukapinda na kupanuka, hata maji ya ndani yakawa matulivu wakati wa kusi na wa kaskazi. Karibu na hapo palikuwa na kijiji cha Mzizima. Katika miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga mji mpya mahali hapo, akitaka kuivuta biashara ya bara. Alifariki mwaka 1870, na mji wake ukazorota. Bagamoyo ikaendelea kupokea misafara, ingawa meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali na pwani yake. Ilikuwa kwa sababu ya kina cha maji kwamba Wajerumani waliihamishia Dar es Salaam makao makuu ya utawala wao mwaka 1891.

Hata hivyo, maji ya kina peke yake hayaleti shehena. Reli ndiyo iliyoifungia bandari hii na shamba. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Waingereza wakaongeza tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza, likakamilika mwaka 1928. Tangu hapo marobota ya pamba ya Usukuma yakapata njia ya kushukia Bahari ya Hindi bila kupita nchi ya jirani. Katani ya Morogoro na Kilosa ilisafiri kwa njia hiyo hiyo. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni hapa nchini: Dakta Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na kufikia wakati wa uhuru Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa kuzalisha katani.

Msomaji akiitazama ramani ya reli za wakati wa ukoloni ataona jambo moja: zote zinaelekea baharini. Hazikukusudiwa kuunganisha mkoa na mkoa ili wananchi wabadilishane mazao. Zilikusudiwa kuchukua malighafi bara na kuipeleka viwandani Ulaya. Mkulima alilima, lakini bei ya jasho lake ilipangwa mahali asipopajua.

Kama mkulima hakuonekana kwa sababu ya umbali, mchukuzi wa bandarini hakuonekana ingawa alikuwa karibu. Jina la Kariakoo ni kumbukumbu ya wachukuzi. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Baada ya vita eneo likawa soko na makazi ya Waafrika, na wengi waliofanya kazi bandarini waliishi huko.

Kazi yao ilikuwa nzito. Hadi magati ya kina kirefu yalipofunguliwa mwaka 1956, meli kubwa hazikufunga ukingoni. Zilitia nanga katikati ya maji, na shehena ikapelekwa kwa matishari. Kila robota lilitolewa kwenye behewa, likaingizwa ghalani, likatolewa ghalani hadi kwenye tishari, na kutoka kwenye tishari likapandishwa melini. Kila hatua ilihitaji mikono ya watu. Wengi waliajiriwa kwa siku, na siku isiyo na meli ilikuwa siku isiyo na posho.

Watu hao hawakunyamaza. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943. Mgomo wa mwaka 1947 ulianzia bandarini Dar es Salaam, ukafuata njia ya reli hadi miji ya bara, na makuli wakapata nyongeza ya ujira. Mwaka 1950 mgomo mwingine ulifuatiwa na ghasia, na serikali ya kikoloni ikakivunja chama chao. Lakini somo halikuvunjika. Wafanyakazi walikuwa wamejua kwamba reli na bandari, vyombo vilivyotumika kuwanyonya, viliweza pia kupeleka habari za umoja nchi nzima.

Kariakoo ilipojaa, serikali ilipima viwanja vipya katika miaka ya 1950, vikiwamo vya Magomeni, kando ya Barabara ya Morogoro. Humo humo Magomeni ndimo alimoishi Mwalimu Julius Nyerere na jamaa yake mwishoni mwa miaka hiyo, alipokuwa akiongoza TANU. Nyumba yake imehifadhiwa kuwa makumbusho.

Baada ya uhuru mlango ulibadilika mwelekeo. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia mpya ya kwenda baharini. Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ikajengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Reli hiyo ilipeleka shaba ya Zambia bandarini, na ikawafungulia njia wakulima wa Mbeya na Iringa. Bandari iliyojengwa kwa ajili ya watawala ikawa tegemeo la nchi jirani zisizo na pwani.

Soko la Kariakoo nalo ni kiungo cha bandari. Jengo lake kuu, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake la miamvuli ya zege lilibuniwa kukinga maji ya mvua, na ghorofa yake ya chini ya ardhi kupokea mazao ya jumla. Moto uliliunguza Julai 2021, na serikali ikaamua kulikarabati na kujenga jengo jingine kando yake. Hapo bidhaa zilizoshuka melini hukutana na vyakula vilivyoshuka kutoka mashambani.

Na mgeni je? Watalii wengi hupita ukingoni mwa bandari wakielekea Unguja kwa boti. Wakiwa na nafasi, huonyeshwa makanisa na majengo ya Wajerumani yanayoitazama bahari. Si vibaya. Lakini mji unaoonyesha nyumba za watawala peke yake hujisimulia nusu. Mgeni aelekezwe pia Kariakoo, aelezwe asili ya jina hilo. Kisha afikishwe Magomeni. Utalii wa namna hiyo ungewapa kipato wakazi wa mitaa hiyo, na ungewapa heshima wazee wao.

Mwaka 2023, serikali ilipotia saini mikataba na kampuni ya DP World ya Dubai ya kuendesha sehemu ya bandari, wananchi walijadiliana kwa ukali. Mjadala ule ulionyesha kwamba Watanzania wanaijali bandari yao. Ili wahukumu vyema, vijana wetu shuleni wajifunze kuuliza juu ya kila mkataba na kila gati jipya: mkulima anapata nini, na mchukuzi anapata nini? Kasi ya kupakua meli ni jambo jema, lakini haijibu swali hilo.