Punda Aliyekonda: Mpe Muda wa Kula Kabla ya Kumnunulia Pumba

Kiangazi kinapokolea hapa Siha, punda huwa miongoni mwa mifugo ya kwanza kuonyesha mbavu. Ndiye anayepanda na kushuka na madumu ya maji, ndiye anayepeleka mahindi mashineni na mizigo sokoni Sanya Juu. Akidhoofika, mzigo wake unarudi kichwani na mgongoni kwa mama na watoto.

Kumpata punda mwingine si jambo jepesi. Punda jike hubeba mimba kwa takribani mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Biashara ya ngozi za punda nayo imewapunguza sana katika nchi nyingi za Afrika, hadi wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana Februari 2024 kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Uliye naye nyumbani ndiye wa kutunza.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kutambua hali ya mwili wa punda na namna ya kumnenepesha bila kumdhuru. Farasi wachache wanaofugwa upande wa West Kilimanjaro wana tumbo la aina hiyohiyo, kwa hiyo mengi ya haya yanawahusu pia.

Punda si ng'ombe

Ng'ombe hujaza tumbo haraka, kisha hulala na kucheua. Punda hacheui. Tumbo lake ni dogo, na majani magumu husagwa na vijidudu kwenye utumbo mkubwa. Kwa sababu hiyo anatakiwa kula kidogo kidogo kwa muda mrefu. Akiachwa huru, hutumia zaidi ya nusu ya siku, usiku ukiwemo, akitafuta chakula.

Sasa tazama ratiba ya punda wetu wengi. Mchana yuko kazini, au amefungwa mtini akisubiri mzigo. Jioni anaingizwa bomani kwa kuhofia fisi, na mle ndani hakuna hata bua moja. Punda huyu anakonda hata kama malisho yapo, kwa sababu hana saa ya kuyala. Hapo ndipo pa kuanzia, nako hakuhitaji fedha nyingi:

- Weka mabua au majani makavu bomani kila usiku.
- Akisubiri mzigo, mtue alichobeba, mfunge kivulini na mwekee cha kutafuna.
- Mpe maji safi asubuhi, mchana na jioni. Punda anaweza kunywa lita 10 hadi 25 kwa siku, kutegemea joto na kazi. Asipokunywa vya kutosha, hali vizuri.

Mpime kwa mkono, si kwa macho

Macho hudanganya. Manyoya mengi huficha mbavu, na tumbo kubwa si dalili ya unene. Linaweza kuwa la minyoo, la mimba au la majani magumu. Hata mafuta ya shingoni hubaki pale wakati mwili mwingine umekwisha.

Wataalamu hutumia alama 1 hadi 5. Alama 1 ni punda aliyekonda kabisa, 5 ni aliyenenepa kupita kiasi, na 3 ndiyo nzuri. Pitisha kiganja kwenye mbavu, uti wa mgongo na nyonga:

- Mbavu na uti wa mgongo vinaonekana kwa mbali na vinachoma mkono: alama 1 au 2. Anahitaji msaada.
- Mbavu hazionekani, lakini ukibonyeza kidogo unazihisi: alama 3.
- Unabonyeza kwa nguvu ndipo unazipata, na mgongo una mfereji katikati: alama 4 au 5. Amezidi.

Ili kujua kama anaendelea vizuri, chukua kamba, izungushe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha funga fundo ilipokutana. Rudia kila baada ya wiki mbili, mahali palepale.

Nini cha kumlisha

Punda wa kilo 150 anayefanya kazi anahitaji takribani kilo 3 hadi 4 za chakula kikavu kwa siku. Sehemu kubwa iwe majani makavu, mabua ya mahindi, au mabua ya ngano na shayiri yanayobaki mashambani baada ya mavuno. Yakusanye mapema na uyahifadhi juu ya kichanja, chini ya paa, yasilowe. Majani makavu ya maharage yana nguvu zaidi, mchanganyie kidogo.

Pumba za mahindi na mashudu ya alizeti ni nyongeza kwa punda aliyekonda, mwenye mimba kubwa au anayenyonyesha. Anza na konzi moja, ongeza polepole kwa siku 10 hadi 14, na usizidishe nusu kilo kwa mlo mmoja. Punda aliyekaa na njaa akipewa nafaka nyingi ghafla anaweza kuumwa tumbo na kufa. Mpe pia chumvi ya kulamba.

Usitegemee mabadiliko ya wiki moja. Kurudisha mwili huchukua miezi miwili au mitatu.

Vitu vya kumwepusha

- Mahindi au mabua yenye ukungu. Yale yaliyokataliwa nyumbani asipewe punda. Ukungu fulani wa mahindi huharibu ubongo wa punda na farasi, na mnyama hufa ndani ya siku chache.
- Chakula cha kuku. Baadhi huwekwa dawa ya kuzuia koksidia ambayo ni sumu kali kwa punda.
- Dawa ya kupe yenye amitrazi. Ng'ombe huivumilia, lakini kwa punda inaweza kusimamisha utumbo. Soma kibandiko kabla ya kumpeleka joshoni pamoja na ng'ombe.
- Mifuko na kamba za plastiki. Huziba utumbo, na punda hawezi kutapika.

Akila na bado anakonda

Angalia meno. Punda anayedondosha mabonge ya majani yaliyotafunwa nusu ana meno yenye ncha kali au mabovu. Angalia minyoo pia: afisa mifugo wa kata atapendekeza dawa na kipimo kulingana na uzito. Usikisie.

Mwisho, angalia mzigo. Punda mwenye afya asibebeshwe zaidi ya theluthi ya uzito wake. Kwa punda wa kilo 150 hiyo ni kama kilo 50, kwa hiyo asizidishiwe madumu mawili ya lita 20. Madumu manne ni kilo 80, zaidi ya nusu ya uzito wake. Aliyekonda apunguziwe hata hayo mawili, na mwenye kidonda mgongoni apumzishwe hadi kipone. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze na asimtese.

Mwite afisa mifugo mara moja punda akiacha kula kwa siku nzima, akigaagaa na kujitazama ubavuni, au akiyumba kama kipofu. Punda huficha maumivu. Ukiona ameinamisha kichwa na hataki chakula, ujue hali imeshakuwa mbaya. Mnene au mwenye mimba yuko hatarini zaidi, kwa sababu akikaa bila kula mafuta humwagika kwenye damu na kuharibu ini. Kwa hiyo hata punda aliyezidi unene usimnyime chakula ghafla. Mwondolee pumba, mbakizie mabua.